Ile picha ya makumbusho ya Mbeya ni ya nini hasa?

Kuna picha imezunguka sana kwenye makundi ya WhatsApp hapa Mbeya. Inaonyesha jengo refu la tofali za kuchoma lililojikunja kwa kona za mraba juu ya mteremko. Paa zake za bati zinashuka ngazi kwa ngazi, mashamba ya viazi yamelizunguka, na mlima Loleza unaonekana nyuma. Juu ya picha mtu ameandika: Makumbusho mapya ya Mbeya. Basi maswali yakaanza kumiminika. Tenda ilitangazwa lini? Wenye mashamba yale wamelipwa fidia? Mmoja akaenda kupekua mtandaoni, akarudi na habari kwamba ramani hiyo si ya hapa, ni ya Mzungu aliyeichora kabla ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia na haikujengwa. Wengine wakasema basi imeibwa. Mmoja akajibu papo hapo: kama mwenyewe alishindwa kuijenga, sisi tunaihangaikia ya nini?

Kwa ufupi, hakuna tenda, hakuna shamba lililochukuliwa, na hakuna kilichoibwa. Picha hiyo ni kazi ya mwanafunzi wa ubunifu majengo aliyeko mwaka wa mwisho. Alichukua mpango wa makumbusho wa mwaka 1939 ambao haukujengwa, akajiuliza ungekuwaje kama ungeletwa kwenye nyanda zetu za juu kusini, ukajengwa na mafundi wetu na kunyeshewa na mvua zetu. Siku ya kuonyesha kazi za darasa mtu akaipiga picha ukutani, akaituma, na maelezo yakapotelea njiani. Nimeiona kazi nzima, michoro na modeli ya kadibodi, na ninaamini inastahili kuelezwa vizuri kuliko kuachwa iwe uvumi.

Tuanze na mambo ya msingi

Makumbusho ni taasisi kabla ya kuwa jengo. Ni watu waliokabidhiwa kazi ya kukusanya vitu vyenye maana kwa jamii, kuvitunza visiharibike, kuvichunguza, kisha kuvionyesha pamoja na maelezo yake. Jengo ni la kuihifadhi kazi hiyo, na mara nyingine ni dogo sana au halipo kabisa. Kalenga, nje kidogo ya mji wa Iringa, fuvu la Mtwa Mkwawa lililorudishwa kutoka Ujerumani mwaka 1954 linatunzwa kwenye jengo dogo tu. Iringa mjini, makumbusho ya mkoa yamo ndani ya boma la zamani la Wajerumani, ambalo halikujengwa kwa shughuli hiyo. Isimila, kando ya barabara ya kuja Mbeya, zana za mawe za watu wa kale unazikuta kwenye korongo lenyewe zilikopatikana. Na Kimondo cha Mbozi, chuma cha tani 12 hivi kutoka angani, hakikubebwa kupelekwa popote. Watu walichimba udongo uliokizunguka ili kionekane chote, na anayetaka kukiona anakifuata pale pale.

Mbunifu majengo ndiye anayeamua vyumba vikae vipi, mwanga uingie wapi, mtu aingilie wapi na atokee wapi, jengo lielekee wapi kwa habari ya jua, upepo na mteremko. Mhandisi anahakikisha halianguki. Mkadiriaji majenzi anasema litakula fedha kiasi gani. Watatu hao hufanya kazi pamoja lakini kazi zao si moja, na mwanafunzi wa ubunifu majengo, ambaye shahada yake kwa kawaida huchukua miaka 5, anajifunza hasa hiyo ya kwanza. Kwa hiyo unapoona mchoro wake mzuri, umeona majibu ya maswali ya mpangilio, mwanga na njia. Hujaona bajeti, wala hesabu za nondo.

Mpango usiojengwa, nao, ni mpango uliokamilika kwenye karatasi na ukaishia hapo. Sababu ni nyingi: fedha zimekosekana, vita imeingia, mwenye mradi kabadili mawazo, au ulikuwa wa mashindano na mshindi ni mmoja tu. Na hata mshindi hana uhakika. Shindano la kubuni makumbusho ya Guggenheim ya Helsinki, nchini Finland, lililofunguliwa mwaka 2014, lilipokea michoro 1,715. Mshindi akatangazwa mwaka 2015. Mwishoni mwa mwaka 2016 madiwani wa jiji hilo wakapiga kura kuukataa mradi. Michoro 1,715, na hakuna jiwe la msingi hata moja.

Dunia nzima inazo kabati zilizojaa michoro ya aina hii, na wabunifu huirudia tena na tena kwa sababu ndani yake kuna maswali yaliyoulizwa vizuri ambayo hayakujibiwa. Kuirudia huko kuna njia mbili. Ya kwanza ni kukijenga kitu upya jinsi kilivyokuwa, kipimo kwa kipimo. Ya pili ni kulichukua swali lake na kulijibu mahali pengine, kwa hali nyingine. Hii ya pili ndiyo ninayoiita hapa kutafsiri upya, na ndiyo aliyoifanya mwanafunzi wetu.

Makumbusho yanayokua

Mbunifu wa ule mpango wa kwanza ni Le Corbusier, aliyezaliwa Uswisi mwaka 1887, akachukua uraia wa Ufaransa, akafanya kazi Paris, na kufariki mwaka 1965. Mwaka 1931 alimwandikia mhariri wa jarida la sanaa la Paris akipendekeza makumbusho ya sanaa ambayo yangeweza kuanza karibu bila fedha. Hakuyataka katikati ya jiji. Aliyaweka nje ya Paris, kwenye shamba la viazi au la bitiruti. Yangeanza na chumba kimoja. Fedha zikipatikana kingeunganishwa kingine, kisha kingine, vikikizunguka cha kwanza kwa kona za mraba, kila mzunguko ukikaa nje ya uliotangulia. Mtu mwenye picha ya kutoa zawadi angetoa na mahali pa kuitundika: nguzo mbili, boriti kadhaa, mita chache za ukuta, na jina lake lingebaki pale.

Mwaka 1939 aliliendeleza wazo hilo na kuliita Makumbusho ya Ukuaji Usio na Kikomo, safari hii akiulenga Philippeville, mji wa bandari wa Algeria ambao leo unaitwa Skikda. Jengo limeinuliwa juu ya nguzo. Mgeni anapita chini yake mpaka katikati kabisa, anatokea kwenye ukumbi mkuu, na kutoka hapo anaanza kutembea kuelekea nje akizunguka. Korido ina upana wa mita 7 hivi na kimo cha mita 4.5. Mwanga unaingilia juu. Sura ya mbele haipo, kwa sababu ukuta ulio nje leo utakuwa wa ndani mzunguko unaofuata ukijengwa, sasa uupambe wa nini?

Kwetu wazo hili halihitaji profesa. Mtu ananunua kiwanja Uyole au Iyunga, anasimamisha chumba na sebule, anahamia. Upande wa pili anaacha nondo zimechungulia juu ya lenta. Mwaka ambao mazao yamelipa anaongeza vyumba viwili. Dirisha linazibwa kwa tofali, mlango unahamishwa, ukuta wa nje unageuka kuwa wa ndani. Baada ya miaka kumi nyumba ni kubwa, na hapakuwa na siku hata moja ambayo mwenye nyumba alikuwa na hela ya nyumba nzima mfukoni. Le Corbusier aliipa tabia hiyo hiyo kanuni: kila kipande kilingane na mwenzake, na kila kipande kipya kijulikane mapema kitapachikwa wapi, ili kuongeza kusiharibu kilichokwisha kufanya kazi. Hapo ndipo nyumba zetu nyingi zinapokwama. Chumba kilichokuwa na dirisha zuri kinabaki katikati, giza, kinageuzwa stoo.

Sasa turudi kwa yule aliyesema mwenyewe alishindwa. Vita ilianza mwaka huo huo wa 1939, na Philippeville haikupata makumbusho hayo. Lakini wazo halikufa. Baada ya vita Le Corbusier alijenga makumbusho matatu yaliyotokana nalo: Ahmedabad na Chandigarh nchini India, na Tokyo nchini Japani, hili la Tokyo likikamilika mwaka 1959. Yote ni ya mraba, mgeni anaanzia katikati na kuzunguka. La Tokyo limo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu mwaka 2016, pamoja na kazi zake nyingine. Hata hivyo hakuna hata moja kati ya hayo matatu lililoendelea kukua kwa kuzunguka kama kanuni ilivyotaka. Tokyo walipohitaji nafasi zaidi walijenga jengo jingine, lililofunguliwa mwaka 1979, nyuma ya lile la kwanza. Mzunguko ukabaki ulipoishia.

Ndiyo kusema kwamba kilichojengwa ni umbo. Kukua kwenyewe, ambako ndiko kulikuwa roho ya mpango, bado kuko kwenye karatasi. Mwanafunzi wetu alishika hapo, na kwa maoni yangu alichagua vizuri, maana angeweza kuchora tu sanduku la mraba juu ya nguzo na kulipaka rangi za Kitanzania.

Si Le Corbusier peke yake ambaye mpango wake usiojengwa ulizaa. Mwaka 1943, vita ikiendelea, Mies van der Rohe alichapisha Marekani mpango wa makumbusho ya mji mdogo: ukumbi mpana wa vioo usio na kuta nyingi za ndani. Haukujengwa. Mwaka 1968 likafunguliwa Berlin jumba lake la sanaa, na anayeujua ule mchoro wa vita anauona mle ndani. Lina Bo Bardi, huko Brazili, alichora mwaka 1951 makumbusho ya kando ya bahari, sanduku refu lililoshikiliwa juu na fremu kubwa. Nalo halikujengwa, lakini makumbusho yake ya São Paulo ya mwaka 1968 yamening'inia vivyo hivyo juu ya uwanja ulio wazi. Mpango unaweza kulala miaka 20 ukaamka una mwili mwingine.

Alichobadilisha, na kwa nini

Kwanza kuna mteremko. Mpango wa 1939 unadai ardhi tambarare, na jengo lisimame juu ya msitu wa nguzo za zege. Mbeya ukitaka tambarare utaikata kwa greda, na nguzo nyingi za zege maana yake ni saruji na nondo nyingi kabla hujapata chumba hata kimoja. Yeye ameshusha jengo chini, kwenye msingi wa mawe, na kuacha mzunguko ufuate mteremko: upande wa juu sakafu iko juu, upande wa chini iko chini, na kati yake hakuna ngazi bali sakafu iliyoinama taratibu. Kwa kila sentimita 1 ya kupanda kuna sentimita 12 za kwenda mbele, kipimo ambacho mtu wa kiti cha magurudumu anaweza kukimudu. Kwa kuwa mgeni anazunguka hata hivyo, kupanda huko kunagawanyika, wala hakumchoshi mzee.

Kiwanja chenyewe, kwa wale wanaouliza, ni cha mfano. Alihitaji mteremko wa kufanyia hesabu, akachukua sura ya ardhi ya upande wa Uyole, na viazi vikaingia kwenye picha kwa sababu ndivyo vinavyolimwa huko. Hakuna aliyepima shamba la mtu.

Halafu paa, na hapa ndipo kazi ilipokuwa ngumu kuliko kote. Paa la mpango wa zamani ni bapa. Mvua yetu inaanza Novemba na kuendelea hadi Aprili, na ukisogea kuelekea Rungwe inakuwa nyingi zaidi. Paa bapa la zege linawezekana, ila linataka mafundi wa kuzuia maji na matunzo ya kila mwaka, na makumbusho yenye bajeti ndogo yakikosa matunzo msimu mmoja tu, maji yanashukia kwenye vitu visivyo na mbadala. Kwa hiyo akaenda kwenye bati lenye mwinamo. Lakini mizunguko miwili ikikaa bega kwa bega, paa mbili zinakutana na kuzaa bonde refu katikati.

Aliibeba modeli yake akaipeleka kwa fundi mmoja mzee wa kupaua. Mzee aliigeuza mara mbili mkononi, kisha akaweka kidole kwenye lile bonde na kukiburuza mpaka kona.

"Hapa, mwanangu, maji yatatafuta pa kulala. Majani ya mkaratusi yakiziba hii kona, yote yanaingia ndani."

"Nikiweka mfereji mpana, baba?"

"Mfereji mpana utazibwa na majani mengi zaidi. Zitenganishe."

Akazitenganisha. Kati ya mzunguko na mzunguko sasa kuna ua wa mita 3. Bati linamwaga maji uani, mfereji wa chini unayapeleka kwenye matangi. Na uamuzi huo mmoja ukatibu ugonjwa mwingine wote. Kwa kuwa kila mzunguko una ua pande zote, hakuna dirisha litakalozibwa jengo likikua, wala chumba kitakachobaki gizani katikati. Le Corbusier alilitatua giza kwa mwanga wa paani. Huyu amelitatua kwa kuacha nafasi. Gharama yake ipo, na ni halali kuitaja: ua unakula ardhi, kuta zinazopigwa na mvua zinakuwa nyingi zaidi, na mgeni anayevuka kutoka mzunguko mmoja kwenda mwingine mwezi wa Julai atauonja upepo wa Mbeya. Ameweka baraza zilizoezekwa za kuvukia. Baridi iko pale pale, ila mtu halowi.

Upana nao umebadilika, kwa sababu ya mbao. Mbao za paini kutoka Mafinga ukizikuta kwenye yadi mara nyingi ni za futi 12, yaani mita 3.6 na ushee. Korido ya mita 7 inataka boriti ya chini ya kenchi, ile fremu ya mbao inayobeba paa, yenye maungio mawili au zaidi, na kila ungio ni mahali pa kukosea. Akapunguza upana wa ndani hadi mita 5. Jumlisha unene wa kuta mbili za tofali, unapata futi 18 hivi: mbao moja nzima na nusu ya pili, ungio moja tu. Nusu inayobaki inatumika kwenye kenchi inayofuata, hivyo hakuna kinachotupwa. Ninaipenda hesabu hii kuliko ile picha iliyozunguka, kwa sababu ndani yake mtu amekwenda yadi, amepima mbao, akaacha mbao impangie ukubwa wa chumba.

Kuna na suala la ardhi kutikisika. Mbeya imekaa kwenye Bonde la Ufa, ambako matawi yake yanakutana, na matetemeko tunayajua. Jengo refu la tofali lenye kona nyingi, likijengwa kama kipande kimoja, hupasuka konani, kwa sababu upande huu unataka kwenda kivyake na ule kivyake. Mpango wake umekatwa vipande vifupi, kila kimoja kina msingi wake na lenta yake inayozunguka, na kati ya kipande na kipande pana mwanya uliofunikwa. Hivyo hivyo vipande ndivyo hatua za kukua. Kila kimoja kinajengwa, kinaezekwa na kufunguliwa bila kusubiri kingine.

Ndani ya chumba cha kwanza ameweka vyungu vya Wakisi, vile vinavyofinyangwa na kina mama wa Ikombe kando ya Ziwa Nyasa na kuuzwa Matema. Vipande vinavyofuata amevipangia dhahabu ya Lupa, iliyowaleta watu Chunya miaka ya 1920 na 1930, kisha reli ya TAZARA, kilometa 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi. Ule utaratibu wa mfadhili kutoa ukuta ameugeuza kuwa wa kwetu: wafinyanzi wanasimamia chumba chao, wastaafu wa reli chao, na tofali zinachangwa namna madarasa yanavyojengwa kwa nguvu za wananchi.

Swali la kikomo

Neno la Le Corbusier lilikuwa kukua bila kikomo, na watu wengi wakilisoma wanalikubali tu. Tufanye hesabu kidogo. Korido ni mita 5, ua ni mita 3, kwa hiyo kila mzunguko unasogea mita 8 kutoka ule wa ndani yake. Mzunguko wa kwanza, ukiupima katikati ya korido, una urefu wa mita 64 hivi. Wa pili mita 128. Wa tatu mita 192. Kila mzunguko unauzidi uliotangulia kwa mita 64. Maana yake ni kwamba anayesema "tuongeze mzunguko mmoja tu" hasemi kitu kimoja kila mara: wa tatu unataka tofali na bati mara tatu ya wa kwanza. Na mgeni aliyefika mwisho wa wa tatu ametembea karibu mita 400.

Kwa hiyo kikomo kipo, na kinaletwa na fedha na miguu. Mwanafunzi amelijibu kwa kuacha makumbusho yakue kwa kipande, hata kama mzunguko haujakamilika, na kwa kuweka njia za kukatiza uani ili mwenye haraka arudi mlangoni. Hapa ninabaki na wasiwasi. Njia nyingi za kukatiza ni milango mingi ya kulinda, na makumbusho ya mlinzi mmoja hayawezi kuwa na milango kumi. Katika michoro niliyoiona jambo hilo halijakaa sawa.

Kuiga, na hoja ya Uzungu

Wanaosema ameiba wanafikiria kwamba kila mchoro lazima utoke kichwani mwa mtu mmoja bila kugusa wa mwingine. Ubunifu majengo haufundishwi hivyo popote. Mwanafunzi anachora upya majengo ya waliomtangulia ili ayaelewe kwa mkono, kisha anayabishia. Sharti ni kutaja chanzo, na karatasi yake ya kwanza ukutani ilikuwa na mpango wa 1939 wenyewe, jina la mbunifu na mwaka, kabla ya wake. Picha iliyosambaa ilikata karatasi hiyo. Kuiga kungekuwa kuchukua mita 7, paa bapa na nguzo za zege na kuvipandikiza Uyole.

Hoja nyingine ina uzito zaidi: kwa nini kuanzia kwa Mzungu hata kidogo? Nimeiuliza pia. Wahehe walijua jengo linalokua muda mrefu kabla ya 1931. Tembe ni vyumba vilivyopangana kuuzunguka ua, na familia ikiongezeka upande mwingine wa ua unajengwa. Mwanafunzi analijua hilo. Kwenye karatasi zake kuna mchoro wa tembe pembeni ya ule wa Le Corbusier, na ule ua wa mita 3 una ndugu pale. Ila paa la udongo la tembe ni la nchi kavu ya Iringa, lisingestahimili mvua za Rungwe, kwa hiyo tembe nayo ilibidi itafsiriwe kabla ya kutumika. Mimi ningependa tembe iwe karatasi ya kwanza. Hata hivyo ukisoma michoro bila kuangalia majina, jengo alilolichora liko karibu na tembe kuliko Philippeville.

Je, litajengwa?

Siyo kwa michoro hii. Kinachofuata kwake ni kuitetea mbele ya walimu wake na kuhitimu. Hata akihitimu hawezi kusaini michoro ya jengo la umma hadi afanye kazi chini ya wenye uzoefu na kusajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi. Mradi wa kweli unahitaji ardhi yenye hati, mwenye mradi anayejulikana, hesabu za mhandisi, makadirio, kibali cha ujenzi cha halmashauri, na kama fedha ni za umma, zabuni iliyotangazwa. Ukifika kwenye eneo la ujenzi halali utakuta bango lenye jina la mwenye mradi na mkandarasi. Picha ya WhatsApp isiyo na hata kimoja kati ya hivyo ni picha tu, iwe nzuri namna gani.

Lakini kuna sehemu ya kazi hii isiyosubiri bodi wala kibali, na mwanafunzi ameiandika kwenye karatasi yake ya mwisho. Chumba cha kwanza cha mita 5 kwa 5 hakina maana bila rejista ya vitu vyake: kila chungu kimefinyangwa na nani, wapi, lini, udongo umetoka wapi, nani amekitoa na kwa masharti gani. Rejista hiyo inaandikwa Matema, Chunya au kwenye makazi ya wastaafu wa TAZARA, wenye habari wakiwa hai, na kikundi chochote kinaweza kuianza kwa kaunta buku moja na kalamu.